Mdeki wa Babu

Mwaka huu mwalimu wetu wa msamiati alitupa kazi ndogo: kila mwanafunzi alete darasani kitu kimoja cha nyumbani ambacho jina lake linaanza kupotea. Mmoja alileta mtego wa panya uliosukwa kwa mianzi. Mwingine alileta kibuyu cha kusukia maziwa. Mimi nilileta fimbo. Ni fimbo nyembamba ya mti mgumu, inapita mita moja kidogo, ncha yake moja imevishwa pete ya shaba, na karibu na ncha ya pili kuna alama iliyochongwa kwa kisu. Imekuwa nyeusi kwa kushikwa. Niliiweka juu ya meza nikawaomba wenzangu wakisie.

Walisema ni fimbo ya mchungaji, ni ya kukorogea pombe, ni ya kutundikia pazia. Mmoja alisema ni antena ya redio ya zamani, tukacheka wote. Mwalimu aliichukua, akaigusa ile pete ya shaba kwa kidole, akasema: "Huu ni mdeki. Bunduki yake iko wapi?"

Nikamjibu kwamba bunduki yake haipo tena.

"Basi tuandikie habari yake," akasema.

Ndiyo asili ya makala haya. Kwanza nieleze jambo moja la lugha. Sisi watu wa Bunia tunamwita koko baba wa baba na pia mama wa baba. Hapa nitaandika babu na nyanya, ili msomaji wa mbali asichanganye nani alishika bunduki na nani alishika fataki. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kamusi za zamani za Kiswahili zinagawa bunduki kwa namna baruti inavyowashwa. Kuna bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi wenye moto. Kuna ya gumegume, ambayo jiwe linapiga chuma hadi cheche itoke. Kuna ya fataki, ambayo nyundo inagonga kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka. Mwishoni kuna bunduki ya viasi, ambayo baruti, risasi na fataki vimefungwa pamoja ndani ya ganda moja, na ganda hilo linaingizwa kwa nyuma. Zile tatu za kwanza kwa kawaida zinashindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na kazi hiyo inahitaji mdeki. Watanzania wanaziita magobore. Ile ya nne imezaa bunduki zote tunazoziona leo katika barabara zetu.

Nimelifikiria sana neno hilo, kiasi. Kiasi ni kipimo. Mwenye bunduki ya zamani alipima baruti yake mwenyewe kila mara: kidogo kwa kanga, zaidi kwa nguruwe wa msituni. Kisha kiwanda kikaanza kumpimia, na kile kipimo kilichofungwa tayari kikaitwa kwa jina la kazi ambayo mtu hakuifanya tena. Leo Bunia hakuna anayesema viasi. Tunasema masasi, neno lililotoka kwenye risasi, na risasi yenyewe ni jina la madini yaliyoyeyushwa kuitengeneza. Mtoto wa hapa wa miaka sita anaweza kutofautisha mlio wa masasi na mlio wa radi. Lakini mdeki haujui.

Babu yangu alikaa katika kijiji kimoja upande wa barabara inayotoka Komanda kwenda Mambasa. Sitakitaja jina, kwa kuwa wengi wa watu wake bado hawajarudi. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bunia, na kila likizo ya Julai alinipeleka kule. Babu alilima muhogo na ndizi kama watu wote, lakini kijiji kilimjua kama mwindaji. Bunduki yake ilikuwa ya fataki, yenye mtutu mrefu kuliko mimi. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa waya. Hakuipa jina lolote. Aliiita bunduki ya baruti tu.

Nilipenda kumtazama akiitayarisha kuliko kumtazama akipiga. Alikaa juu ya kigoda mbele ya nyumba, akasimamisha bunduki katikati ya magoti. Jambo la kwanza siku zote lilikuwa kuingiza mdeki mtupu hadi chini. Alama iliyochongwa ikifika sawasawa kwenye mdomo wa mtutu, ndani hakuna kitu. Alama ikibaki juu ya mdomo, kuna kitu kimelala chini. "Kila asubuhi unaiuliza kwanza," alinifundisha, "maana hukuilinda usiku." Ndipo akamimina baruti kutoka kwenye pembe, akapima kwa kifuniko chake, akaweka nyuzi kavu za mgomba, akashindilia, akaweka risasi, akaweka nyuzi tena, akashindilia tena. Nilihesabu kwa kichwa. Sikupata kufika chini ya hamsini kabla hajamaliza. Na hapo bunduki ilikuwa bado haiwezi kupiga, kwa sababu fataki haikuwa kwake.

Fataki zilikuwa kwa nyanya. Alizihifadhi katika kopo dogo la dawa ya kifua, karibu na chumvi, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Babu akitaka kwenda porini alimwomba, naye alimhesabia mbili au tatu, kama mtu anayetoa pesa za sokoni. Nilipouliza sababu, babu alisema unyevu. Nyanya hakusema kitu.

Mlio wa bunduki ile haukuwa kama milio niliyoizoea Bunia. Haukupasuka, ulisukuma. Ulikuwa mzito, nilihisi kifuani kabla ya masikio. Kisha likatoka wingu jeupe, nene, lenye harufu ya yai bovu, kwa sababu baruti ile ni mkaa, shura na kiberiti cha unga. Kwa muda hukuona mbele kitu chochote. Mara ya kwanza nilitaka kukimbia nikaone kama mboloko ameanguka. Babu alinishika shati.

"Ngoja moshi iishe," akasema.

Tukangoja. Alikuwa amekwisha kufanya jambo ambalo halirudishwi, na bado hakujua amefanya nini. Sijawahi kuona mtu mzima mwenye silaha akiwa mnyenyekevu namna ile.

Nilipokuja chuoni nilishangaa kusoma kwamba kuna watu duniani wanaotafuta jambo hilo kwa hiari. Marekani wana chama cha wapenzi wa bunduki za kushindilia tangu mwaka 1933, na uwanja wao maarufu uko katika mji mdogo uitwao Friendship, jimbo la Indiana. Tangu 1971 kuna kamati ya kimataifa inayosimamia mashindano ya bunduki za aina hiyo. Majimbo kadhaa ya Marekani yametenga majira maalumu ya uwindaji kwa wenye bunduki hizo peke yao. Hao ni watu wanaoweza kwenda dukani wakanunua bunduki yenye darubini inayopiga mara nyingi bila kupumzika. Wanachagua ile ya kupiga mara moja na kuanza upya.

Nadhani ninawaelewa. Mwenye pigo moja analazimika kumkaribia mnyama, kuujua upepo, kuzijua nyayo, na mara nyingi kuacha. Babu alirudi mikono mitupu siku nyingi bila kupiga hata mara moja, na hakuona aibu. Mvua ikinyesha alikaa nyumbani, kwa kuwa baruti na maji havikai pamoja. Bunduki yake ilikuwa na sababu nyingi za kutopiga.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya babu na watu wa Friendship: wao walichagua, yeye hakuchagua. Mataifa yalikutana Brussels, na katika mkataba wa mwaka 1890 yakakataza kuingiza bunduki bora na viasi vyake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Yaliacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtawala alibaki na bunduki ya viasi, na mtawaliwa akaachiwa ya kushindilia. Polepole ya babu ina asili katika sheria iliyoandikwa na watu waliokuwa na haraka.

Na hata kabla ya hapo bunduki hizo hazikuwa za uwindaji tu. Stanley alipoukata msitu wa Ituri kati ya 1887 na 1889, akiwa na Remington, Winchester na bunduki ya Maxim, alikuta humo kambi za watafuta pembe waliotoka upande wa Manyema, watu wa Ugarrowa na wa Kilonga-Longa, wenye bunduki za kushindilia. Vijiji vilivyokataa kutoa pembe viliungua. Bwana mkubwa wa biashara hiyo, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alieleza mwenyewe kwamba jina lake la Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Sisi wanafunzi wa lugha tusisahau jambo hili: Kiswahili tunachokisomea kiliingia katika msitu huu kikiwa na harufu ya baruti nguoni.

Kisha baruti yenyewe ikabadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi mwingi, kisha jeshi la Ufaransa likapokea bunduki ya Lebel ya namna ya 1886 iliyoitumia. Vitabu vinasifu mabadiliko hayo kwa sababu risasi ilikwenda mbali zaidi na askari aliweza kuona mbele. Mimi ninafikiria upande wa anayepigwa. Moshi mweupe ulimtangaza mpigaji. Kila mtu katika bonde alijua: risasi imetoka pale, chini ya mti ule. Bunduki isiyo na moshi ni bunduki isiyo na mwenyewe. Katika mji wetu watu wengi wamekufa kwa masasi, na ukiuliza nani alipiga, jibu ni lile lile: watu wenye silaha. Mama yangu alinibeba mgongoni Mei 2003, tukakimbia kuelekea Beni pamoja na maelfu ya watu wa Bunia. Aliniambia kwamba njia nzima masasi yalisikika na hakumwona hata mmoja aliyeyapiga.

Sasa nisimulie usiku niliouahidi.

Ilikuwa mwaka 2010, nikiwa na miaka tisa. Babu alikuwa na jirani, mtu wa kabila lingine, na mpaka wa mashamba yao ulikuwa mstari wa migomba. Siku ile babu alikuta migomba saba imekatwa. Waligombana mchana mbele ya watu. Jirani alisema neno kuhusu ukoo wetu ambalo sitaliandika. Jioni babu hakula. Giza lilipoingia aliishusha bunduki, akakaa juu ya kigoda chake, lakini safari hii ndani ya nyumba, kando ya taa. Mikono yake ilitetemeka, na baruti ilimwagika juu ya goti. Aliifuta, akapima tena. Nilisikia mdeki ukigonga, pole, pole. Nyanya alikuwa akichambua maharage. Hakumkataza. Hakusema hata neno.

Alipomaliza, babu alinyoosha mkono bila kumtazama. "Fataki."

Nyanya aliendelea na maharage. Kopo halikuwa mahali pake. Niliona kwamba pembe ya kikwembe chake imefungwa fundo.

"Nitakupatia kesho asubuhi," akasema, "kama ungali unaitaka."

Babu alikaa vile muda mrefu, bunduki kati ya magoti. Mimi nililala. Asubuhi jirani alikuja na mzee mmoja wa kijiji. Ilijulikana kwamba migomba ilikatwa na vijana wake bila yeye kujua. Walizungumza, jirani akatoa mbuzi, neno likaisha. Sikumwona babu akiwinda tena baada ya hapo. Alisema miguu inamuuma. Bunduki aliifunga kwa mkeka, akaipandisha chini ya paa, mdeki kando yake. Alifariki mwaka 2017. Jirani yule ndiye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi.

Miaka mingi niliibeba habari hii kama ushahidi. Niliwaambia rafiki zangu: mwaona, bunduki ya zamani ina nafasi ndani yake ambapo mtu mwingine anaweza kuingia. Kati ya hasira na mlio kuna baruti, kuna nyuzi, kuna risasi, kuna mdeki, kuna mke na kopo lake. Bunduki aliyoibuni Kalashnikov mwaka 1947 ina masasi thelathini katika kisanduku chake, na kati ya hasira na mlio kuna kidole tu. Nyanya angefungia nini katika kikwembe?

Siku moja nilimwambia baba hivyo. Baba hapendi maneno mazuri. Akaniuliza: "Wale waliouawa hapa kwa mapanga na mishale, waliuawa na silaha ya haraka?" Nikanyamaza. Akaongeza kwamba katika vita vya kwetu aliona magobore pia, yaliyotengenezwa kijijini, mikononi mwa vijana waliokuwa na muda wote wa kufikiri na hawakufikiri. "Polepole siyo upole," akasema.

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja mwaka 2021, na halikuwa upande wangu wala upande wake.

Mwaka ule, jimbo letu likiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei, mimi na baba tulikwenda kumchukua nyanya, kwa sababu watu wa kijiji walikuwa wameanza kukimbia. Mizigo yake ilikuwa masanduku mawili na kuku. Tulipokuwa tukifunga mlango alionyesha paa. "Ile pia," akasema. Alikuwa na haki. Tukiiacha, mwingine ataiokota. Tukiibeba kwa siri, tutaitwa waasi barabarani. Baba alimwita mkubwa wa kijiji, nao wakakubaliana ikabidhiwe mbele ya watu. Tukaenda wanne hadi kituo cha askari, bunduki ikiwa ndani ya mkeka wake.

Askari aliyetupokea alikuwa kijana wa umri wangu. Alipofungua mkeka alicheka kidogo. "Muzee, hii inalia kweli?" Aliigeuzageuza, akatafuta mahali pa kufungua, hakupaona. Kisha akauliza jambo la maana: "Iko na kitu ndani?"

"Hapana," baba akajibu. "Mwenyewe alikufa zamani."

Sijui kwa nini, lakini nilisikia sauti ya babu: unaiuliza kwanza. Nikaomba ruhusa, nikachukua mdeki, nikauingiza ndani ya mtutu kwa upole hadi uliposimama. Nikatazama alama. Ilikuwa juu ya mdomo kwa upana wa vidole vinne.

Nilimwomba askari ageuze mtutu upande wa mlima. Hakucheka tena. Baba alinitazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Nyuma yetu nyanya, aliyekaa juu ya sanduku lake na kuku mapajani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilimunyima fataki. Sikumunyima baruti."

Miaka kumi na moja. Bunduki ya kushindilia ni rahisi kuipiga na vigumu kuitoa kilichomo, na babu hakuipiga wala hakuitoa. Aliipandisha ikiwa imebeba kiasi cha usiku ule, akaketi chini yake, akala chini yake, akapokea mbuzi wa jirani chini yake. Mimi nililala chini ya paa lile kila likizo. Labda aliisahau. Labda hakutaka kumwomba nyanya ile fataki ambayo angeitumia kuipiga hewani, kwa sababu angepaswa kukiri ilishindiliwa kwa ajili ya nani. Sikupata kumuuliza, na nyanya nilipomuuliza alisema tu kwamba baruti bila fataki ni unga.

Askari alimimina maji ndani ya mtutu, tukangoja. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi. Bunduki ilibaki pale. Mdeki walituachia, kwa kuwa fimbo si silaha.

Bado naipenda bunduki ile, na sitaona haya kusema hivyo katika mji ambao neno bunduki linatosha kufunga maduka. Napenda kwamba ilihitaji mikono miwili na nyumba nzima ili ipige mara moja. Napenda kwamba moshi wake ulimshtaki mwenyewe. Lakini siku hizi ninaposimulia habari yake sikomei tena kwenye fundo la kikwembe. Nafika hadi kwenye zile alama za vidole vinne. Kuchelewa kulimwokoa jirani, na kulimwokoa babu, na pengine kuliokoa vijiji viwili. Hasira yenyewe hakukuitoa. Ilibaki juu yetu, kavu, ikisubiri, hadi mtu alipochukua mdeki na kuuliza.

Mwalimu alinirudishia fimbo baada ya somo. Nyanya anaitumia sasa kufukuzia kuku wa majirani, hapa Bunia, naye bado anaiita mdeki.